Jina Lililozikwa Suriname

Simulizi ya kweli

SEHEMU YA KWANZA

Tarehe 8 Novemba 1793, jijini Paris, mwanamke mmoja alipakiwa kwenye mkokoteni akapelekwa penye gilotini. Watu walimjua kwa jina la Madame Roland. Mumewe aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na sebuleni kwao ndiko walikokuwa wakikutana wanasiasa ambao sasa serikali ya mapinduzi ilikuwa ikiwamaliza mmoja baada ya mwingine. Akiwa gerezani alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake. Karatasi hizo zilihitaji mtu wa kuzitoa nje na kuzificha, na siku zile, kupekuliwa na kukutwa na karatasi za namna hiyo kulitosha kukupeleka kwenye mkokoteni uleule.

Aliyezihifadhi alikuwa rafiki wa familia, Louis Bosc. Kwa ajira alikuwa mtu wa posta. Kwa mapenzi alikuwa mtu wa mimea, wadudu na kaa. Alikimbilia msitu wa Montmorency, kaskazini mwa Paris, akaishi kwa kujificha, na zile karatasi akazificha hukohuko. Mwaka 1795, damu ilipopungua mitaani, alizichapisha, na mpaka leo wanahistoria wa Mapinduzi ya Ufaransa wanazisoma.

Msomaji wangu, utaniuliza kaa wanaingiaje hapa. Wanaingia kwa sababu mtu huyohuyo, aliyejua thamani ya kuokoa maneno ya mwenzake, ndiye aliyempa jina kaa mmoja mdogo wa Marekani, na jina hilo likaja kuficha siri kwa muda mrefu kuliko karatasi za Madame Roland zilivyokaa msituni.

Mwaka 1796 Bosc alipanda meli akavuka Atlantiki mpaka Charleston, Carolina ya Kusini. Alitarajia kazi ya ubalozi mdogo, lakini hakuipata. Basi akafanya alichokipenda: alitembea. Alikusanya ndege, samaki, mijusi, buibui, na kule ambako mito ya Carolina inakutana na bahari, kwenye tope na nyasi za chumvi, alikuta kaa wa makome.

Kaa wa makome unamjua. Ni yule anayetembea pwani akiburuta ganda la konokono aliyekwisha kufa. Kichwa na makucha yake ni magumu, lakini tumbo lake ni laini, limejipinda kufuata mzunguko wa ganda, na halina kinga yoyote. Akikua, ganda linambana, hivyo hutafuta jingine, hulikagua kwa makucha, huchungulia ndani, kisha huhama haraka kabla ndege au samaki hajamwona akiwa uchi. Maisha yake yote ni kuhama. Ndiyo maana umbo la nje halikwambii mengi: unaona nyumba ya mtu mwingine, na mlangoni macho mawili, miguu na makucha.

Yule wa Carolina alikuwa na mistari. Miguu yake ya rangi ya kahawia iliyokolea ilichorwa mistari myembamba ya rangi hafifu kutoka juu hadi chini. Bosc alirudi Ufaransa mwaka 1798, na katika kitabu chake cha wanyama wa jamii ya kaa, mwaka 1802, akamwita Pagurus vittatus. Baadaye, Mmarekani James Dwight Dana alipounda jenasi mpya mwaka 1852, kaa huyo akahamia humo na kuitwa Clibanarius vittatus.

Jina likaanza safari. Kila aliyeokota kaa wa makome mwenye mistari katika pwani ya mashariki ya Marekani alilitumia. Likashuka Ghuba ya Meksiko, likaingia Karibi, likaambaa pwani ya Amerika ya Kusini. Karne ya ishirini ilipofika, vitabu vilisema kwa uhakika kwamba Clibanarius vittatus anaishi kuanzia Virginia mpaka jimbo la Santa Catarina, kusini mwa Brazil. Jina moja likafunika maelfu ya kilomita za pwani, zenye maji baridi na maji moto, nyasi za chumvi na mikoko.

Lakini katika rafu moja mjini Philadelphia kulikuwa na kaa ambaye Bosc hakumwona kamwe, na kijana mmoja alikuwa ameshamwandikia jina lake mwenyewe.

Itaendelea.

SEHEMU YA PILI

Kijana huyo alikuwa John Witt Randall. Alisomea udaktari Harvard, na baadaye alitoa kitabu cha mashairi. Mnamo 1840, katika jarida la Chuo cha Sayansi Asilia cha Philadelphia, lilichapishwa andiko lake kuhusu kaa walioletwa na wasafiri kutoka pwani ya magharibi ya Amerika na visiwa vya Hawaii. Pamoja na hao, Randall alitazama sampuli za nchi nyingine ambazo chuo kilikuwa nazo tayari, na kati yake alikuwemo kaa wa makome wa Suriname, koloni la Waholanzi kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Akamwita Pagurus symmetricus.

Jina hilo halikuishi. Wataalamu waliofuata waliona mistari ileile, makucha yaleyale yanayolingana kushoto na kulia, wakaamua kwamba Randall alimpa jina la pili kaa ambaye Bosc alikuwa ameshampa la kwanza.

Hapa pana sheria, na sheria hii ndiyo itakayobeba simulizi yetu mpaka mwisho. Katika kuwapa wanyama majina, la kwanza kuchapishwa kwa utaratibu ndilo linaloshinda. La Bosc ni la 1802, la Randall la 1840. Ikiwa kaa ni mmoja, vittatus anabaki na symmetricus anazikwa. Jina lililozikwa halifutwi, ila huwekwa chini ya lile lililoshinda, katika orodha ndefu ya majina yasiyotumika, na hapo linaweza kukaa bila mtu kuligusa vizazi kwa vizazi. Ndivyo lilivyokaa.

Nani angelalamika? Kaa hasemi. Na waliomzika Randall hawakuwa wazembe. Walifanya kazi na kile walichokuwa nacho mezani, yaani sampuli zilizolala kwenye spiriti miaka mingi. Spiriti hunyonya rangi. Kaa aliyekuwa kahawia na chungwa, mwenye miguu iliyochorwa vizuri, baada ya muda hugeuka mweupe aliyefifia. Katika kaa wa makome, rangi ya mnyama akiwa hai mara nyingi ndiyo inayotofautisha ndugu wanaokaribiana sana, na hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Mtaalamu wa Ulaya au wa Washington aliyefungua chupa mbili, moja ya Carolina na nyingine ya Suriname, aliona maiti mbili zisizo na rangi. Angetofautisha nini?

Miaka ikapita. Brazil ikawa na vyuo vyake, maabara zake na wanafunzi wake. Kaa mwenye mistari alikuwa tele kwenye milango ya mito, rahisi kumkamata, mvumilivu kwenye tangi. Wakamchunguza kwa bidii: anakua kwa kasi gani, anachagua ganda lipi, anataga lini. Kila karatasi iliandikwa Clibanarius vittatus kwenye kichwa chake. Na ikitokea kwamba kaa wa kusini wanataga tofauti na wa kaskazini, maelezo yalikuwa karibu: maji ya kusini ni ya moto zaidi.

Kisha kaa huyu akatumika kwenye jambo zito. Meli nyingi duniani zilipakwa chini rangi yenye sumu iitwayo tributiltini ili viumbe wa baharini wasinate. Sumu hiyo ilivuruga homoni za konokono wa baharini, majike wakaota viungo vya kiume, na mwaka 2008 mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ukaanza kutumika. Watafiti wa jimbo la São Paulo, Brazil, walitaka kujua kama inawadhuru na kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono haohao. Waliwaweka kaa wenye mistari kwenye matangi, wakawalisha chakula chenye sumu hiyo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yanaumiza kuyasoma: ovari za majike zilivurugika na kusinyaa. Ni ushahidi ambao mamlaka za bandari zinauhitaji, na andiko lenyewe lilimpendekeza kaa huyu awe kielelezo cha kupima sumu hiyo.

Kielelezo cha nani? Kichwa cha andiko kilitaja kaa wa Bosc, kaa wa Charleston. Lakini waliokuwa ndani ya matangi walikuwa watoto wa pwani ya Brazil. Na wakati huohuo, kwenye maabara nyingine ya jimbo lilelile la São Paulo, kulikuwa na watu waliokwisha kuanza kuwatilia shaka.

Itaendelea.

SEHEMU YA TATU

Maabara yenyewe iko mbali na bahari, katika mji wa Ribeirão Preto, kwenye Chuo Kikuu cha São Paulo, chini ya mtaalamu wa kaa Fernando Mantelatto. Aliyelibeba swali alikuwa Mariana Negri. Wa tatu alikuwa Rafael Lemaitre wa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, ambaye ametumia maisha yake akiwatazama kaa wa makome kupitia lenzi. Wawili walishika jeni, mmoja akashika jicho, ingawa kwa kweli kila mmoja alihitaji mikono ya mwenzake. Nataka ukumbuke mgawanyo huu, kwa sababu watu wengi wanadhani siku hizi DNA inakaa peke yake kwenye kiti cha hakimu.

Ngoja nikueleze kazi inavyofanyika, maana hapa ndipo pana utamu.

Unakata kipande kidogo cha nyama, mara nyingi mguuni. Kaa awe amehifadhiwa kwenye ethanoli. Akiwa amewekwa kwenye formalini, kama walivyo wengi wa makumbusho ya zamani, vinasaba vyake vimekatikakatika na kazi inakuwa ngumu mno. Kipande kile unakitia kwenye mrija mdogo pamoja na kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na baada ya kukisafisha unabaki na tone la maji lenye vinasaba. Ukilitazama huoni kitu.

Ndani ya vinasaba vile hutafuti habari yote ya kaa. Unatafuta aya chache. Ndani ya seli, mbali na kiini, kuna mitokondria, viungo vinavyozalisha nguvu, na vina vinasaba vyake vyenyewe vinavyorithiwa kwa mama. Jeni zake hubadilika kwa kasi inayofaa: kiasi cha kutosha kuwatenganisha ndugu wa karibu, lakini si mno kiasi cha kuwapoteza. Moja inaitwa COI, na mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake nchini Kanada walipendekeza kipande chake, chenye herufi mia sita na kitu, kitumike kuwatambulisha wanyama wote duniani. Nyingine inaitwa 16S, na wanaochunguza jamii ya kaa wameizoea sana.

Tone lile lina nakala chache mno za jeni unayoitaka. Lazima uzizidishe. Njia ya kuzizidisha, PCR, aliibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na miaka kumi baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Unapasha moto mpaka karibu nyuzi 95 ili nyuzi mbili za kinasaba ziachane. Unapoza hadi kama nyuzi 50 ili vipande vifupi vya kuanzishia vishike mahali pake. Unapandisha tena hadi 72 ili kimeng'enya kiandike nakala. Kisha unarudia, mara thelathini na kitu, na kila mara nakala zinakuwa maradufu. Kimeng'enya cha kawaida kingeiva kwenye joto lile. Kinachotumika kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, waliogunduliwa na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze, ambao mwaka 1969 waliwapa jina Thermus aquaticus. Sichoki kamwe kulistaajabia hili: kiumbe wa chemchemi za moto ndiye anayetusomea habari za kaa wa kwenye tope.

Nakala zikiwa nyingi, zinasomwa kwa mbinu ambayo Frederick Sanger wa Uingereza aliitoa mwaka 1977, na mashine inakuletea mstari wa herufi nne tu, A, C, G na T, zikifuatana. Unapanga mstari wa kaa huyu juu ya mstari wa kaa yule. Fikiria doti mbili za kanga zilizotoka kiwanda kimoja, maua yaleyale, mji uleule, pindo lilelile. Ukiwa mbali utaapa ni kanga moja. Sogea usome maandishi.

Vinasaba vilishawahi kuwatikisa wataalamu wa kaa hawa. Mwaka 1992 Clifford Cunningham na wenzake walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba kaa wakubwa wa bahari baridi za kaskazini, wale wenye miiba wanaouzwa kwa bei kubwa kwenye hoteli, wametokana na kaa wa makome. Walio na silaha mwili mzima ni uzao wa wale wenye tumbo laini. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kudharau jibu ambalo lingetoka Ribeirão Preto.

Lakini palikuwa na mitego, na mitatu hasa humkosesha usingizi kila anayefanya kazi hii. Wa kwanza ni uchafu. Tone la kaa mmoja likiingia kwenye mrija wa mwingine kwa bahati mbaya ya pipeti, utasoma kaa yuleyule mara mbili na kutangaza kwamba ni ndugu. Wa pili ni haraka. Ukiwa na kaa wawili tu, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, tofauti yoyote utakayoiona inaweza kuwa ile ya kawaida kati ya mtu na jirani yake. Unahitaji kaa wa sehemu nyingi njiani, ili uone kama tofauti inaongezeka polepole kadiri unavyosafiri au inaruka ghafla mahali fulani. Ikiongezeka polepole, una spishi moja iliyotandaa. Ikiruka, una wawili.

Wa tatu ndio mbaya zaidi. Mara kwa mara katika historia ya mnyama, kipande cha jeni ya mitokondria huchomoka kikaenda kujibandika kwenye vinasaba vya kiini cha seli. Huko hakina kazi tena, kinaanza kuoza taratibu kwa makosa ambayo hakuna anayeyasahihisha. Mashine haijui tofauti. Inaweza kukuzidishia nakala hiyo bandia badala ya jeni yenyewe, nawe ukaona herufi ngeni ukapiga kelele kwamba umepata spishi mpya. Mwaka 2008 watafiti walionyesha jinsi nakala hizi bandia zinavyoweza kuongeza idadi ya spishi zisizokuwepo, na kati ya wanyama waliowatumia walikuwemo kamba wa maji baridi, jamaa wa mbali wa kaa wetu. Dawa ni kuisoma COI kwa vikundi vya herufi tatu tatu. Jeni hai hujenga protini mwanzo hadi mwisho. Ukikuta katikati kikundi kinachosema "simama", hiyo si jeni, ni mzoga wake.

Basi Negri na wenzake waliweka mistari ya herufi juu kwa juu. Kaa wa pwani ya Marekani na wa Ghuba ya Meksiko. Kaa wa kusini, mpaka Brazil. Kompyuta ikachora mti.

Mti ulitoa matawi mawili. Wa kaskazini walikaa pamoja, wa kusini wakakaa pamoja, na nafasi kati ya matawi ikawa kubwa kuliko tofauti za ndani ya tawi lolote. Kwa zaidi ya karne kaa wawili walikuwa wameishi chini ya jina moja, na sasa mmoja wao alipaswa kulipoteza. Yupi?

Itaendelea.

SEHEMU YA NNE

Mti wa jeni hauna majina. Unaweza kukuambia kwamba hawa ni wawili, lakini hauwezi kukuambia nani ni vittatus. Swali hilo ni la makaratasi, na makaratasi yalirudi Charleston. Bosc alimpata kaa wake Carolina, kwa hiyo jina la 1802 ni mali ya tawi la kaskazini. Hata kama kusini wangekuwa wengi mara mia, hata kama tafiti zote nzuri zilifanywa kusini, jina hawalipati.

Tawi la kusini likabaki bila jina. Hapa ndipo mtu mwenye pupa angeshika kalamu abuni jipya na kuliweka kwenye kumbukumbu za sayansi. Sheria haimruhusu. Kabla ya kubuni, lazima ushuke makaburini: ufungue ile orodha ya majina yaliyozikwa chini ya vittatus, uulize moja baada ya jingine kama halikuwa la kaa wako. Na humo alikuwemo symmetricus wa Randall, kaa wa Suriname, pwani ambayo iko upande wa kusini.

Kazi ya jicho ndiyo iliyomaliza shauri. Wakijua sasa kwamba wanatafuta wawili, walirudi kwa kaa wenyewe, wakawatazama upya, na tofauti za mwili na za rangi ya miguu ambazo zilikuwa zikipita machoni pa watu zikaonekana. Nalipenda sana jambo hili katika sayansi hii. Jeni hazikulidharau jicho, ila zililiambia litazame wapi. Na jicho likarudisha fadhila, kwa sababu mvuvi, mwanafunzi au ofisa wa hifadhi hana mashine ya kusomea vinasaba mfukoni, ila ana macho, na sasa ana la kutazama.

Mwaka 2014, katika jarida la elimu ya wanyama wenye magamba, Negri, Lemaitre na Mantelatto walitangaza kufufuliwa kwa Clibanarius symmetricus. Kutoka 1840 mpaka 2014. Randall alikuwa amefariki tangu 1892, akiwa hajui kwamba alikuwa sahihi.

Sasa rudi kwenye matangi ya São Paulo. Wale majike waliovurugika ovari kwa rangi ya meli hawakuwa kaa wa Charleston. Utafiti haukuharibika, sumu ni sumu, na kilichopimwa kilipimwa kwa uaminifu. Lakini mtu wa Texas anayeuchukua kama ushahidi kuhusu kaa wa kwake lazima ajue kwamba anasoma habari za spishi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa kila karatasi iliyolinganisha kusini na kaskazini: pale waliposema "ni joto la maji", inabidi mtu aulize upya, je, ni maji au ni ukoo? Na anayehesabu kaa ili kujua kama wanapungua, akiwachanganya wawili, anaweza kumwona mmoja akiisha huku wingi wa mwenzake ukimficha. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote. Huwezi kumlinda mnyama ambaye hujui kwamba yupo.

Hadithi ingeishia Amerika, kama jenasi ya Clibanarius ingekuwa ya Amerika peke yake. Siyo. Ndugu zao wako kwetu. Ukishuka Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, maji yakiwa yamekupwa, utawakuta Clibanarius laevimanus wamerundikana kwa makundi makubwa kwenye mizizi ya mikoko, nao wamechunguzwa huko kwa miaka na watafiti wa Italia wakiongozwa na Marco Vannini na Francesca Gherardi. Ukienda kwenye miamba na vidimbwi vya pwani yetu, utakutana na mwingine mdogo zaidi, wa kijani iliyokolea, mwenye njano kwenye ncha za miguu. Watoto humchezea, wavuvi humpita. Huyo ni Clibanarius virescens.

Jina lake alipewa na Mjerumani Ferdinand Krauss, mwaka 1843, miaka mitatu baada ya Randall kuandika lake. Kaa aliyempa jina alitoka Natal, Afrika Kusini. Na jina hilo nalo lilisafiri. Leo unalikuta kwenye vitabu vya Kenya na Tanzania, unalikuta Australia, unalikuta Fiji, unalikuta Japani. Pwani ya Virginia mpaka Santa Catarina ni fupi mbele ya safari hii, kwa sababu hii imevuka Bahari ya Hindi nzima ikaingia Pasifiki, na katikati kuna vilindi na mikondo ambayo mabuu wa kaa, wadogo na wanaoelea kwa majuma machache tu, wanapaswa kuivuka wakiwa hai ili damu ibaki moja.

Sheria unaijua. Mwenye jina ni kaa wa Natal. Kata kipande cha mguu wake, kata cha kaa wa kijani wa Watamu, kata cha yule wa Japani, vipe kimeng'enya cha Yellowstone, kisha upange herufi juu kwa juu. Kompyuta inaanza kuchora mti. Shina limeshatokea, na mstari wa kwanza unaondoka kuelekea pembeni.

Itaendelea.